Kengele ya Wafupi kwenye Treni ya Upepo

Wananchi wajulishwe kwamba Dodoma, jiji la wizara, mahakama na misafara ya magari yenye vioo vyeusi, ina mamlaka moja ambayo uamuzi wake haukatiwi rufaa popote. Mamlaka hiyo haina jengo wala msemaji. Haipokei barua. Imewahi kumgeuza mkubwa mmoja mwenye walinzi wawili, yeye na mtoto wake, na msafara wote ukaishia kununua aiskrimu.

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, mamlaka hiyo imekaa juu ya kreti la soda, inatafuna karanga za Kongwa, na punje moja imeipalia.

"Yahaya! Mgongo!" inakohoa mamlaka, machozi yakiitoka.

Yahaya, fundi mitambo mzaliwa wa Kondoa, anaweka bisibisi chini, anaipiga mamlaka mgongoni kwa adabu, kisha anarudi kwenye nati zake kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Hivyo ndivyo siku inavyoanza kwa Emiliana Ndahani, mwenye umri wa miaka arobaini na moja. Kazi yake ni kupima urefu wa watoto kwenye Treni ya Upepo, mchezo mkubwa kuliko yote katika bustani ya Furaha Kati, pembezoni mwa jiji, upande wa kutokea kwenda Kongwa.

Ofisi yake ni twiga. Ni ubao mrefu uliosimamishwa kando ya lango la treni, umechorwa twiga wa manjano mwenye kope za bibi harusi. Shingoni mwa twiga umepigwa mstari mwekundu, sentimita mia moja na ishirini kutoka chini. Mtoto ambaye kichwa chake kinafika kwenye mstari anapanda. Asiyefika hapandi.

Sheria ni hiyo tu. Mwandishi wa makala haya anasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni yenye sheria nyingi kuliko wanafunzi. Hajawahi kuona sheria fupi kiasi hicho ikiogopwa na watu wazima wengi kiasi hicho.

"Watu wanadhani mimi nasimamia urefu," anasema Emiliana, akijifunga upya kitenge juu ya suruali ya kazi. "Mimi nasimamia mapaja."

Mwandishi anainamisha uso.

"Usicheke, baba. Njoo uone."

Anamwongoza mwandishi hadi kwenye behewa la mbele na kumwonyesha chuma kinachoshuka kutoka juu na kubana mapaja ya abiria. Mtu mwenye urefu wa kutosha, anaeleza, mapaja yake hujaza nafasi na chuma humshika. Mfupi hubakiwa na mwanya. Treni ikipinda, yule mfupi hupita kwenye mwanya huo kama sabuni mkononi.

Kisha anaingia nyuma ya kibanda na kumtoa Msafiri.

Msafiri ni mtoto wa kiroba. Amejazwa mchanga na pumba za mtama, amevaa kaptura ya shule na raba za kitambaa, na uso wake umechorwa kwa wino mweusi. Anatabasamu. Urefu wake ni ule wa mtoto aliyeukosa mstari kwa upana wa vidole vitatu. Emiliana anamkalisha kwenye behewa, anamshushia chuma, anavuta mara mbili kuhakikisha kimekaza, na kumwinulia Yahaya kitambaa cha kijani.

Treni inaondoka na abiria mmoja.

Inapanda taratibu, ikilia kwa minyororo. Upepo wa mwezi wa sita, ule unaowafanya watu wa Dodoma kuvaa makoti juani, unaipiga ubavuni. Kule juu kabisa, Msafiri anaonekana mdogo kama punje, na nyuma yake kuna anga lote la nyanda za kati, mashamba ya zabibu, mabati yanayowaka jua na milima ya mawe iliyokaa kama ng'ombe waliolala. Kwa muda mfupi treni inasimama pale kileleni, na kila kitu kinanyamaza.

Halafu inashuka.

Kona ya kwanza Msafiri anapita salama. Kona ya pili mabega yake yanazama, kisha shingo, kisha lile tabasamu. Hakuna kelele yoyote. Chuma kimebaki palepale kilipofungwa, kimekaza vilevile, na chini yake hakuna mtu. Msafiri yuko hewani, mikono imepanuka, na kaptura ya shule imejaa upepo.

Anaangukia kwenye wavu. Raba moja inafika ardhini peke yake.

Mwandishi wa makala haya alikuwa na kalamu mkononi. Hakuandika kitu.

"Pole, baba," Emiliana anamwambia Msafiri, akimpangusa vumbi na kumvisha raba yake. "Kila asubuhi namtazama akitoka. Siyo kwamba sijui atatoka. Lakini mchana mtoto atanililia hapa, mzuri, ana meno mawili tu, na moyo wangu utataka kulegea. Nikimkumbuka huyu, haulegei."

Mwandishi alikuwa na sababu yake binafsi ya kuisahau kalamu. Msomaji avumilie. Sababu hiyo itafika yenyewe mchana, imevaa mabuti.

Saa nne geti linafunguliwa. Watoto wa likizo wanaingia mbio, na wote, hata watundu ambao mama zao wamekata tamaa nao, wakifika mbele ya twiga wanapunguza mwendo. Wananyooka. Wanavuta shingo mpaka mishipa inatokeza. Wengine wanashika pumzi. Emiliana anaweka kiganja juu ya kila kichwa, anabonyeza nywele zilale, na kila mtoto anafumba macho kama anayepokea kipaimara.

"Pita. Pita. Wewe vua kofia. Pita. Wewe dada, hivyo visigino vya mama yako virudi kwa mama."

Kiganja hicho hakibahatishi, na wala mwenyewe hajifichi. "Mimi hapa ni trafiki," anajisifu, akijishika kiuno. "Tena trafiki mwenye twiga."

Mapema hivyo anatokea Mzee Mazengo, mkulima kutoka Kongwa, aliyevaa koti la suti na viatu vya matairi. Amemleta mjini mjukuu wake, Meshack, ambaye amefaulu kumaliza muhula wa darasa la awali bila kumng'ata mtu.

"Shikamoo, mzee," anasema Emiliana.

"Marahaba, mwanangu. Huyu anapanda treni."

"Asimame kwa twiga kwanza."

Meshack anasimama. Mstari uko juu yake, na hata ndege angepata nafasi ya kujenga kiota pale katikati.

"Bado, mzee wangu. Hajafika."

"Hajafika wapi?" Mzee Mazengo anamgeukia mjukuu. "Meshack! Shika sikio!"

Meshack, aliyefundishwa vizuri, anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Analishika lote, analivuta, na kulikunja ili mashahidi waone. Katika foleni wazazi wawili watatu wanatikisa kichwa kukubali. Kwa watu wa kanda hii, wa vizazi vingi, jambo hilo halina mjadala. Zamani mtoto ambaye hakujulikana amezaliwa mwaka gani alipelekwa shule, na mwalimu akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa. Akilifikia sikio, ameiva, anaandikishwa. Asipolifikia, anarudi nyumbani kuchunga ndama.

"Umeona?" Mzee Mazengo anasema kwa ushindi. "Serikali yenyewe ilikuwa inakubali sikio. Wewe ni nani ukatae?"

Emiliana anapitisha mkono wake mwenyewe juu ya kilemba, taratibu, na kushika sikio lake.

"Serikali ilikuwa inampeleka darasani, mzee," anasema. "Darasa halipindi kona."

Foleni inaangua kicheko. Mzee Mazengo anacheka pia, kwa shingo upande, lakini mdomo wa Meshack umeanza kutetemeka, na hapo ndipo mwandishi aliposhuhudia jambo ambalo ndilo hasa lililomfanya atumie wino wa gazeti hili.

Emiliana anachuchumaa, macho kwa macho na Meshack.

"Wewe ndiye nilikuwa nakusubiri," anamwambia. "Leo sina mkuu wa stesheni."

Kando ya twiga, kwenye nguzo, inaning'inia rimu ya lori. Mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi ya kijijini anaifahamu sauti yake. Ni kengele ileile inayowaita watoto mstarini, kuingia darasani na kwenda kula uji. Emiliana anampa Meshack nondo fupi iliyozungushiwa kitambaa.

"Abiria wamekaa. Fundi yuko tayari. Lakini treni hii haiondoki mpaka mkuu wa stesheni apige. Na mkuu wa stesheni lazima awe chini ya mstari. Ukiwa mrefu hufai."

Meshack anatazama treni. Ndani yake wamekaa watu wazima, vijana wa chuo, baba mmoja mwenye kitambi kilichobanwa na chuma. Wote wanamtazama yeye. Yahaya ameshika usukani wake wa mitambo na hasogezi hata kidole. Upepo unapita. Mtoto aliyekuwa karibu kulia anavuta kamasi, anaivuta kwa heshima, na kuanza kuelewa kwamba watu hawa wote hawawezi kwenda popote bila yeye.

Anapiga.

Sauti inatanda bustani nzima, na treni inaondoka.

"Piga tena!" anashangilia Mzee Mazengo.

"Bado, babu," anajibu Meshack, bila kugeuka. "Mpaka irudi."

Mwandishi ameona wakuu wa shule wawili na mkaguzi mmoja wakijaribu kuwa na sauti ya namna hiyo. Hakuna aliyeipata.

Kufikia mchana balaa jipya linaonekana kwenye foleni. Watoto wenye urefu halali wameanza kukunja magoti.

"Simama wima, wewe!" Emiliana anamfokea mvulana mmoja ambaye mabega yake yamezama karibu na kiuno. "Huwezi kufupika hapa kwa hila. Ufupi ni haki ya wenyewe."

Saa saba anapumzika kula ugali na mlenda kivulini mwa kibanda, na hapo anasimulia.

Alizaliwa Kibakwe, huko kwenye vilima vya wilaya ya Mpwapwa, mtoto wa nne. Baba yake alimpeleka kuandikishwa shule pamoja na mdogo wake wa kiume. Mdogo alikuwa na mikono mirefu. "Mikono ya nyani, ndivyo tulivyokuwa tunamtania." Mdogo akashika sikio. Emiliana mkono wake uliishia kwenye nywele.

"Mwalimu akasema rudi mwakani. Nikarudi mwakani, mkono ukaishia hapa." Anagusa juu kidogo ya sikio. "Mama akawa ananivuta mkono kila jioni. Ananipaka mafuta ya ng'ombe kwenye bega, ananivuta, mimi nalia, yeye analia. Mdogo wangu anakaa pembeni anasoma silabi kwa sauti."

Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde. Nyumbani walisikia rimu ikigongwa.

"Nilikuwa najua kengele zote. Hii ya mstarini, hii ya uji. Ikigongwa, mbuzi wanageuka, na mimi nageuka. Nilisema siku moja nitaigonga mimi." Anatafuna kwanza. "Nilipoandikishwa nikakuta kengele wanapewa viranja, na viranja ni warefu."

Alimaliza darasa la saba akiwa msichana mkubwa kuliko wenzake. Alikuja Dodoma mjini kufanya kazi za ndani, akauza karanga kituo cha mabasi, kisha akabeba zege. Nguzo inayoshikilia kona ya pili ya Treni ya Upepo ilimwagwa zege alilolibeba yeye kichwani kwa karai. Mjenzi alipoondoka, Emiliana alibaki kama mfagiaji, na aliyekuwa mpimaji wa kwanza alipochoka kugombana na wazazi, ufagio ukabadilishwa kwa kitambaa cha kijani.

Mshahara wake anaomba usiandikwe. "Ukiandika, ndugu zangu wote wa Kibakwe watanipigia simu leo leo."

Anachokubali kiandikwe ni hiki. Meneja wa bustani, Hashimu, alimwita baada ya yule mkubwa mwenye walinzi kugeuzwa. Hakumfokea. Alimwambia maneno machache tu: "Wazazi wakinuna, nitawabembeleza mimi. Lakini mfupi mmoja akikupita na kile chuma kikamwachia, Emiliana, mimi na wewe hatuna pa kuweka uso wetu. Siyo kazi tu. Uso."

"Ndiyo maana silali vizuri Ijumaa," anasema. "Jumamosi wanakuja wengi. Mmoja tu. Mmoja akinipita, nitamwambia nini mama yake? Nitamwambia nilikuwa na njaa? Nilikuwa naongea na mwandishi?"

Mwandishi akaangalia viatu vyake.

Saa tisa mchana foleni ilikuwa imefika hadi kwenye maegesho. Vumbi lilikuwa jekundu, muziki ulikuwa mkubwa, na Emiliana alikuwa akiweka kiganja kwenye kichwa kimoja huku akigombana na cha nyuma yake. Ndipo alipotokea mama mmoja mkazi wa Chang'ombe, aitwaye Anna, amemshika mkono mtoto wa miaka sita aitwaye Loisi.

Loisi alikuwa akitembea kama askari wa gwaride. Hakukunja magoti. Miguuni alikuwa amevaa mabuti ya mvua ya bluu.

Akasimama kwa twiga. Kichwa chake kikagusa mstari.

Kiganja cha Emiliana kikatua juu ya nywele zake na kukaa pale kuliko kilivyokaa kwa watoto wengine. Macho yake yakashuka taratibu, yakapita gauni, yakapita magoti, yakafika kwenye mabuti. Kisha yakapanda na kumtafuta mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amesimama nyuma ya kreti la soda akijifanya kunukuu.

"Mwandishi," akasema. "Huyu unamfahamu?"

"Kwa mbali," mwandishi akajibu.

"Asubuhi ulimwona Msafiri."

"Nilimwona."

"Basi nisaidie, maana mimi nimechoka. Unasemaje? Apande?"

Foleni ikasubiri. Zamu ya rimu ilikuwa ya mtoto mmoja wa kike asiyezidi miaka minne, ambaye alikuwa ameinua nondo tayari. Mwandishi akamtazama twiga. Twiga akamtazama mwandishi kwa zile kope zake. Neno lililohitajika lilikuwa moja, lina silabi tatu, na mwandishi aliyewahi kushinda mashindano ya hotuba bweni zima hakulipata.

"Ile inapigwa na nani?" Loisi akauliza ghafla, akionyesha rimu.

"Ni ya wafupi," akasema Emiliana. "Wewe umefika kwenye mstari. Wewe ni wa kupanda."

Loisi akatazama treni. Akatazama rimu. Akamtazama yule mtoto wa miaka minne ambaye watu wazima wote walikuwa wakimngoja. Ilikuwa hesabu fupi. Akakaa chini kwenye vumbi, akashika buti la kushoto kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zote, na kipande kinene cha godoro kikaruka nje kama chura. Akavuta la kulia. Kikatoka cha pili.

Akasimama pekupeku chini ya twiga, vidole vitatu chini ya mstari.

"Mimi ni mfupi," akatangaza. "Kaka Ibra ndiye kanitia magodoro."

Na akanyoosha kidole.

Hapa mwandishi wa makala haya anaomba ruhusa aache kujiita mwandishi wa makala haya. Ni mimi. Naitwa Ibrahimu, Loisi ni mtoto wa shangazi yangu Anna, na shangazi mwenyewe alikuwa hajui lolote. Asubuhi alidhani mabuti ni wazimu wa mtoto, na wazimu wa mtoto haujadiliwi siku ya kutoka.

Siku ya Pasaka nilimleta Loisi hapa akakosa mstari. Emiliana alichuchumaa kumwambia kitu, lakini mimi sikumpa nafasi. Nilimnyakua mtoto kwa hasira na kuondoka, na Loisi akalia mpaka Chang'ombe. Hatukuifikia kengele. Hatukujua hata kama ipo. Niliapa nitarudi. Nilimwandikia mhariri kwamba nataka kusimulia maisha ya mfanyakazi wa kawaida, na kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari: "Jinsi Nilivyompitisha Mfupi Mbele ya Twiga." Vipande vya godoro nilivikata kutoka kwenye godoro langu la bwenini. Mlezi wa bweni, kama unasoma, lile shimo siyo panya.

Yote hayo niliyapanga kabla sijamwona Msafiri akitoka kwenye chuma. Baada ya kumwona nilikuwa na asubuhi nzima ya kusema. Nilikuwa na ule muda wa mlenda. Nilikuwa na swali nililoulizwa waziwazi mbele ya watu. Ningependa sana kuandika kwamba Loisi alinitangulia kwa sekunde moja tu, kwamba mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ulikuwa umefunguka kweli. Nilikuwa najifanya napiga miayo.

Shangazi Anna alinivuta sikio, la kushoto, bila kupitisha mkono juu ya kichwa. Foleni ilipiga makofi.

"Angepanda," nilimwambia Emiliana. "Ungempandisha, angepanda, na kona ya pili..."

"Asingepanda."

Alimwita Yahaya. Yahaya akaingiza mkono mfukoni na kuinua juu ufunguo wa mitambo, uliotolewa mahali pake tangu Loisi alipokanyaga foleni.

"Mabuti ya mvua, Dodoma, mwezi wa sita?" akasema Emiliana. "Niliyaona yakiwa bado getini, na sura yako niliikumbuka tangu Pasaka. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nimezoea kushikwa. Nimewahi kushikwa na mwalimu wa zamu, na mlinzi, na mara moja na baba askofu aliyetutembelea. Lakini sijawahi kushikwa na mtu aliyeniachia nafasi ya kujitoa mwenyewe, akaishikilia wazi namna ile mpaka ikanielemea.

"Simama kwa twiga," akaniamuru.

Nikasimama. Mstari uliishia kifuani kwangu.

"Umefika, tena umezidi," akasema, na kuweka kiganja kichwani kwangu, akabonyeza nywele. Nilifumba macho. Sikukusudia. "Lakini hupandi."

"Mpaka lini?"

"Rudi mwakani."

Kwa maelezo ya Yahaya, mimi ndiye mrefu wa kwanza kurudishwa tangu treni ilipojengwa.

Adhabu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kumfungua Msafiri, kumjaza mchanga mpya na kumshona. Ya pili, kuandika haya yote jinsi yalivyokuwa, "pamoja na miayo."

Nilipokuwa nashona, Emiliana aliokota vile vipande vya godoro, akavikung'uta vumbi na kuviminya kimoja kimoja. Nikadhani atanirudishia.

"Hivi ni viti," akasema.

Ndipo aliponieleza mpango wake. Meneja amempa kipande cha ardhi kando ya maegesho. Chang'ombe kuna fundi wa kuchomelea, Athuman, ambaye ameanza kumtengenezea treni nyingine, ndogo, ya kutambaa ardhini tu. Mabehewa ni mapipa yaliyokatwa katikati, magurudumu ni ya mikokoteni, na itasukumwa na mashine ya kuvutia maji. Haitapanda mlima. Itazunguka mizabibu michache aliyopanda mwenyewe na kurudi. Itakuwa na twiga wake, mstari kwenye goti, na sheria yake fupi vilevile: aliyezidi mstari haruhusiwi.

"Waje warefu wanililie mimi," akasema, na macho yake yakang'aa. "Nitawaambia bado hamjafupika."

Anatumaini itaanza kutembea kabla ya Krismasi. Amenihakikishia kwamba hiyo nayo sitaipanda.

Nilimaliza kushona jua likiwa limeinama. Nikamuuliza, kwa unyonge, kama angalau naweza kugonga rimu mara moja kabla sijaondoka.

"Ni ya wafupi," akajibu.

Yule mtoto wa miaka minne alikuwa amekwenda kwao. Chini ya rimu, pekupeku, alikuwa amesimama mkuu mpya wa stesheni, mabuti ya bluu yamepangwa vizuri kando yake. Mabehewa yalikuwa yamejaa. Yahaya alikuwa amerudisha ufunguo. Emiliana alikuwa ameinua kitambaa cha kijani, na hakukishusha, kwa sababu hata yeye alikuwa akingoja.

Loisi aliinua nondo. Kisha akasita, akanitazama kwa uso ambao sijawahi kuuona kwa mtu wa urefu wake.

"Kaka Ibra," akasema. "Sogea. Treni inaondoka."

Nikasogea.